Kutoka kura ya makofi hadi Muungano Mtakatifu: Uchaguzi wa wabunge wa Kongo unavyoonekana kutoka Kibati

Ukitoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2 kuelekea Rutshuru, baada ya kilomita kama 10 unafika Kibati. Kushoto kwako unasimama mlima Nyiragongo na moshi wake. Kando ya barabara, karibu kila kitu kimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano au kwa mawe hayohayo: uzio, msingi wa nyumba, choo, kaburi. Chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, zinateremka zikiwa na viazi, makaa na kabichi kwenda masoko ya mjini.

Mambo mengi makubwa ya Kivu Kaskazini yamepitia hapa. Mwaka 2008 maelfu ya watu walipiga kambi Kibati wakikimbia vita kati ya jeshi la serikali na waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda. Novemba 2012, waasi wa M23 walipita njia hii walipoingia Goma kwa mara ya kwanza. Agosti 2013, vilima vya Kibati vikawa uwanja wa mapigano ya jeshi la Kongo likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na ofisa mmoja wa Tanzania akapoteza maisha. Mei 22, 2021, uji wa moto wa Nyiragongo ulishuka hadi hapa, ukafunika nyumba na kuikata barabara. Na tangu mwishoni mwa Januari 2025, Goma na vijiji hivi vimo mikononi mwa AFC/M23.

Kitu ambacho hupita Kibati mara chache ni kura ya mbunge ambayo mshindi wake hajulikani kabla haijapigwa.

Tumchukue mzee aliyezaliwa katika vijiji hivi mwaka 1952. Alipotimiza miaka 18, mwaka 1970, alikuta chama kimoja tu nchini. Ameshuhudia chaguzi 5 za wabunge zilizosimamiwa na chama hicho, kisha miaka 19 bila uchaguzi wowote wa wabunge, kisha chaguzi 4 za vyama vingi. Katika uchaguzi wa mwisho, wa Desemba 2023, kambi moja ya kisiasa ilichukua viti zaidi ya 400 kati ya 500.

Historia ya kura za mzee huyo inaweza kutusaidia kujibu swali linaloulizwa sasa Kinshasa na hata huku mashariki: pale kambi moja inapoumiliki uchaguzi, mpiga kura wa kijijini anabaki na nini?

Kadi ya kijani na kadi nyekundu

Novemba 24, 1965, Jenerali Joseph-Désiré Mobutu alichukua madaraka kwa mapinduzi. Miezi michache kabla, nchi ilikuwa imefanya uchaguzi wa wabunge ulioshirikisha zaidi ya vyama 200. Baada yake, Rais Joseph Kasa-Vubu na Bunge walishindwa kuelewana kuhusu nani awe waziri mkuu. Mobutu alisema wanasiasa wameshindwa kazi, akajipa miaka 5 ya kutengeneza mambo. Alikaa 32.

Mei 20, 1967, aliunda chama cha MPR, Vuguvugu la Wananchi la Mapinduzi. Katiba ya mwaka huohuo iliruhusu vyama visivyozidi viwili, lakini cha pili hakikupewa nafasi ya kusimama.

Uchaguzi wa rais ulipofika, mwishoni mwa Oktoba na Novemba mosi 1970, mgombea alikuwa mmoja. Mpiga kura alichagua kati ya kadi mbili: ya kijani, iliyoelezwa kuwa ya matumaini, na nyekundu, iliyoelezwa kuwa ya vurugu. Matokeo rasmi yalimpa Mobutu kura zaidi ya milioni 10. Waliomkataa, katika nchi nzima, walikuwa 157.

Wiki mbili baadaye, Novemba 15, ikaja zamu ya wabunge. Viti vilikuwa 420, na orodha ilikuwa moja yenye majina 420, yote ya MPR. Mwananchi hakuchagua mtu wa kumwakilisha. Aliulizwa kama anaikubali orodha nzima iliyoandikwa Kinshasa.

Mwezi uliofuata, MPR ilitangazwa kuwa taasisi kuu ya nchi. Katiba ilipobadilishwa tena mwaka 1974, serikali, Bunge na mahakama vyote vikawa vyombo vya chama, na kila raia wa Zaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Huku vijijini maana yake ilionekana waziwazi: kiongozi wa utawala wa eneo ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa MPR wa eneo. Mtu aliyesimamia ardhi, kodi na kazi za salongo za pamoja ndiye huyohuyo aliyesimamia siasa. Kupinga chama kulimaanisha kumpinga yule utakayemwendea kesho kuhusu mpaka wa shamba lako.

Uchaguzi bila sanduku

Mwaka 1975 hata kadi za rangi ziliondolewa.

Novemba 2 mwaka huo, majina 244 ya wagombea wa MPR kwa viti 244 yalisomwa mbele ya mikutano ya hadhara, viwanjani na katika viwanja vya michezo. Watu wakapiga makofi, na makofi hayo yakahesabiwa kuwa kura. Hakukuwa na karatasi wala sanduku, na hakukuwa na pazia la kujificha nyuma yake. Wabunge waliopatikana hivyo waliitwa makamishna wa watu.

Wasomaji wa Kenya wana kumbukumbu inayokaribia hiyo: mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura wa KANU walipanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao wakati wa mchujo, huku chifu na majirani wakitazama nani amesimama wapi. Njia mbili hizo zina jambo moja linalofanana, nalo ni kuondolewa kwa siri ya kura. Bila siri, mtu hapigi kura. Anaonyesha utii.

Mwaka wa mlima na wa vita

Kwa watu wanaoishi chini ya Nyiragongo, 1977 ulianza kwa msiba. Januari 10, ziwa la uji wa moto lililokuwa kileleni lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Uji ulikimbia kwa kasi kuliko binadamu. Uliua watu na kufunika vijiji na mashamba upande huu wa Goma.

Miezi miwili baadaye, mtikisiko mwingine uliikumba nchi kusini. Waasi waliotokea Angola waliingia Shaba, Katanga ya leo, na Mobutu alihitaji msaada wa askari wa Morocco kuwarudisha nyuma. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu 1974, hazina ilikuwa tupu, na marafiki zake wa Magharibi walianza kuona aibu kumtetea.

Ndipo, katika hotuba ya Julai mosi 1977, Mobutu akatangaza mageuzi. Katika uchaguzi wa wabunge wa Oktoba mwaka huo, sanduku lilirudi, siri ilirudi, na wagombea wakaruhusiwa kuwa wengi kwa kiti kimoja. Sharti lilikuwa moja: wote wawe wa MPR, jambo ambalo halikuwa gumu kwa kuwa kila mtu alizaliwa MPR.

Hapa mzee wetu, akiwa na miaka 25, alipewa kwa mara ya kwanza kitu kinachofanana na uamuzi. Hakuweza kuiondoa serikali wala kubadili sera ya bei ya kahawa. Lakini aliweza kumnyima kura mtu aliyekwenda Kinshasa na kusahau kurudi.

Tanzania ilikuwa imejaribu njia hiyo miaka 12 kabla. Mwaka 1965, chini ya TANU, kila jimbo lilisimamisha wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Chama hakikuweza kushindwa, ila watu wake waliweza. Hata waziri wa fedha wa wakati huo, Paul Bomani, alipoteza kiti.

Kura ya namna hiyo si bure kabisa. Inamtia mbunge hofu, na mbunge mwenye hofu husikiliza. Hasara yake huonekana mahali pengine, na Kivu iliiona mapema.

Chama ni kimoja, tofauti ni ipi?

Wagombea watano wanaposimama na kadi moja, ilani moja na rais mmoja, mpiga kura hawezi kuwatofautisha kwa sera. Anachobaki nacho ni kuuliza: huyu ni mtoto wa nani, ametoka kilima gani, anasema lugha gani nyumbani kwake?

Katika Kivu swali hilo lilikuwa tayari na baruti ndani yake. Sheria ya 1972 ilikuwa imewapa uraia watu wengi wenye asili ya Rwanda na Burundi waliohamia Kivu enzi za ukoloni. Juni 29, 1981, sheria nyingine ikaifuta. Sasa mtu alitakiwa kutokana na kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo mnamo Agosti 1885, jambo ambalo hakuna mkulima angeweza kulithibitisha kwa karatasi.

Chaguzi za 1982 na 1987 zilifanyika chini ya sheria hiyo. Idadi ya viti ilikuwa 310 katika ule wa kwanza na 210 katika wa pili, lakini mjadala uliowaka huku haukuwa wa viti. Ulikuwa kuhusu nani ana haki ya kugombea, na nani ana haki ya kupiga kura. Malalamiko ya ardhi, ya mamlaka ya machifu na ya uraia hayakuwa na chama cha kuyabeba hadharani, kuyajadili na kuyapatanisha na mengine. Yalibaki katika ukoo na kabila, yakingoja.

Machi 1993, mauaji yalianza Ntoto katika Walikale na kusambaa hadi Masisi. Uchaguzi wa chama kimoja haukuwa sababu pekee, na wala haukuwa kubwa kuliko zote. Lakini miaka 20 ya siasa bila vyama iliwaacha watu wa Kivu na njia chache sana za kugombana bila kupigana. Uraia ulipata sheria mpya mwaka 2004. Majeraha hayajapona hadi leo, na kila kundi lenye silaha lililopita Kibati limeyataja katika maelezo yake.

Wabunge 13 na barua ya kurasa 52

Bunge la 1977 lilifanya jambo ambalo mwenye chama hakulitarajia: liliuliza maswali. Kwa muda mfupi, makamishna wa watu waliwaita mawaziri na wakuu wa mashirika ya umma kueleza fedha zimekwenda wapi, na Wazaire wakafuatilia kwa hamu. Mwaka 1980 mlango huo ulifungwa.

Novemba mosi 1980, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52. Waliorodhesha makosa ya utawala wake na kudai demokrasia. Wote walikuwa wameingia bungeni kwa njia ya MPR, kwa kuwa njia nyingine haikuwapo. Miongoni mwao walikuwa Étienne Tshisekedi, Ngalula Mpandajila na Kyungu wa Kumwanza. Walikamatwa, wakapoteza viti, wakafukuziwa vijijini mbali na mji mkuu, na baadaye wakafungwa.

Februari 15, 1982, kundi hilo lilizaa chama cha UDPS kinyume cha sheria za nchi. Chama hicho kilipigana na MPR hadi Aprili 24, 1990, siku Mobutu alipotangaza huko N'sele kwamba mfumo wa chama kimoja umekwisha.

Jambo hili lina uzito leo kwa sababu UDPS ndicho chama kinachoongoza Kongo. Rais Félix Tshisekedi ni mwana wa Étienne. Chama kilichozaliwa na wabunge waliokataa Bunge la sauti moja ndicho kilicho katikati ya Bunge ambalo upinzani wake unahesabika kwa vidole.

Miaka 19 ya kungoja

Baada ya 1990 vyama vilifunguliwa kwa mamia. Uchaguzi haukuja. Ulikuja Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992, kisha mabunge ya mpito ya watu walioteuliwa, kisha vita. Mei 17, 1997, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila iliingia Kinshasa. Kuanzia 1998 Goma ikawa makao makuu ya waasi wa RCD, na Kibati ikaishi miaka 5 chini ya utawala ambao haukumwomba mwanakijiji kura hata mara moja. Katikati ya hayo, Januari 2002, mlima ulilipuka tena na uji ukapita katikati ya mji wa Goma.

Julai 30, 2006, hatimaye watu walipiga foleni kwa hiari yao. Wagombea ubunge walikuwa zaidi ya 9,000 kwa viti 500. Chama kikubwa kuliko vyote, PPRD cha Joseph Kabila, kilipata viti 111, kiasi ambacho kilikilazimisha kutafuta washirika. Mzee wetu alikuwa na miaka 54. Alikuwa hajapiga kura ya mbunge tangu alipokuwa na miaka 35.

Hesabu za Desemba 2023

Tangu hapo mambo yamekuwa yakirudi taratibu upande wa kambi moja, na safari hii bila sheria yoyote ya kupiga vyama marufuku.

Katika uchaguzi wa Desemba 30, 2018, muungano wa FCC wa Joseph Kabila ulitangazwa kuwa na viti zaidi ya 300, huku urais ukienda kwa Félix Tshisekedi. Ushirika wa kambi hizo mbili ulivunjika Desemba 2020. Ndani ya wiki chache, spika Jeanine Mabunda alikuwa ameondolewa, waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba akafuata Januari 2021, na wabunge wengi waliochaguliwa kwa orodha za FCC walikuwa wamehamia kambi mpya ya rais iliyoitwa Muungano Mtakatifu, au Union Sacrée. Wingi wa Bunge uligeuka juu chini bila mwananchi yeyote kupiga kura.

Desemba 20, 2023, wananchi walipewa nafasi ya kusema. Tume ya uchaguzi, CENI, ilipotangaza matokeo ya awali ya wabunge Januari 2024, UDPS peke yake ilikuwa na viti 69. Kwa Bunge la watu 500, hicho si chama kikubwa cha kutisha. Lakini vyama na makundi mengine mengi yaliyopata viti yalikuwa ndani ya Muungano Mtakatifu, na jumla ikapita 400. Ensemble ya Moïse Katumbi, mpinzani mkuu, ilipata viti 18. FCC ya Kabila ilikuwa imesusia.

Kura hiyo ilikuwa na kasoro ambazo CENI yenyewe ilizikiri. Januari 5, 2024, ilifuta kura za wagombea 82, wakiwemo mawaziri na magavana, kwa tuhuma kama za udanganyifu na kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Uchaguzi wa Masimanimba na Yakoma ulifutwa wote.

Sababu nyingine ya wingi huo haizungumzwi sana, nayo imo ndani ya sheria. Kongo hugawa viti kwa orodha. Mpiga kura anaweka alama kwa mtu mmoja, lakini kura yake huhesabiwa kwanza kwa orodha ya chama au kundi la vyama. Orodha ambayo haikufikisha 1% ya kura zote za nchi kwa kawaida haipati kiti, hata kama mgombea wake ameongoza jimboni kwake. Waliopiga kura mwaka 2023 walikuwa kama milioni 18, kwa hiyo kizingiti kilikuwa takriban kura 180,000.

Fikiria maana yake kwa mtu wa Nyiragongo. Mwalimu au kiongozi wa ushirika anayependwa Kibati, Munigi na Rusayo anaweza kupata kura nyingi za majirani zake na bado akarudi nyumbani, kwa kuwa chama chake hakijulikani Kinshasa, Mbuji-Mayi wala Lubumbashi. Akitaka usalama, lazima aingie katika orodha ya kundi kubwa. Na makundi makubwa yenye fedha, usafiri na magari ya kampeni ni yale yaliyo karibu na serikali.

Kwa hiyo mpambano haukufa. Umehama. Zamani ulihamia katika kabila. Sasa umehamia katika ofisi zinazotunga orodha, miezi kadhaa kabla ya siku ya kura. Aliye mbali na ofisi hizo, kama mkulima wa viazi wa Kibati, hufika wakati sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha kufanywa. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa, na Bunge la sauti moja linapata shida ileile linapotakiwa kuikosoa serikali.

Kufuli la ibara ya 220

Kuna sababu ya kuhesabu viti hivi kwa makini sasa. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alisema ataunda tume ya kuandaa katiba mpya inayolingana na hali ya Kongo. Wapinzani wake, pamoja na viongozi wa Kanisa Katoliki, waliona hatari ya kuongezewa muda madarakani. Wafuasi wake wanasema katiba ya 2006 iliandikwa katika mazingira ya vita na ina mapungufu.

Kwa mujibu wa ibara ya 218, mabadiliko ya katiba hupelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Lakini kuna njia ya mkato: Bunge na Seneti wakikutana pamoja na kuyapitisha kwa theluthi… hapana, si theluthi mbili kama nchi nyingi zinavyotaka, bali kwa sehemu tatu kati ya tano za wajumbe wao, kura ya maoni haihitajiki. Katika Bunge la 500, sehemu tatu kati ya tano ni 300.

Kinachobaki ni ibara ya 220, iliyowekwa kama kufuli. Inakataza kabisa kugusa mambo kadhaa: mfumo wa jamhuri, kura ya wote, idadi na urefu wa mihula ya rais, uhuru wa mahakama. Orodha hiyo inataja pia wingi wa vyama vya siasa. Walioandika katiba walikuwa wakikumbuka 1975. Walijua kwamba Bunge linaloweza kubadili kila kitu kwa makofi linaweza pia kujifuta lenyewe.

Ndiyo maana hoja ya katiba mpya kabisa, badala ya marekebisho, inawatia watu wasiwasi. Katiba mpya haifungwi na kufuli la ile ya zamani.

Kadi mfukoni

Mzee wetu yuko wapi katika mjadala huu? Kwa sasa hayumo.

Mwaka 2023, CENI ilisema uchaguzi hauwezi kufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita, pamoja na Kwamouth upande wa magharibi. Nyiragongo haikuwa katika orodha hiyo. Barabara ya Kibati ilikuwa imejaa watu waliotoka Rutshuru, wengi wakiishi katika mahema ya Kanyaruchinya, kilomita chache kutoka hapa. Wabunge wapya walichaguliwa nchini, ila si kwa ajili ya vijiji walivyovikimbia. Baada ya Januari 2025 kambi hizo zilivunjwa na watu wakatawanyika, baadhi wakirudi kwenye mashamba yaliyojaa magugu.

Muhula wa sasa wa rais na wa Bunge unafikia ukingoni mwishoni mwa 2028. Mazungumzo yanaendelea katika miji ya mbali: Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano Washington Juni 27, 2025, na serikali na AFC/M23 wakatia saini tamko la kanuni huko Doha Julai 19. Lakini uchaguzi hautegemei saini pekee. Unahitaji kwanza maofisa wa kuandikisha wapiga kura, mashine zao, na usalama wa kutosha kwa mtu kusimama foleni asubuhi nzima. Eneo lisiloandikishwa halipigi kura. Iwapo hali ya Masisi na Rutshuru itajirudia 2028 na safari hii kuikumba Goma na Nyiragongo, Kivu Kaskazini itapoteza sehemu kubwa ya sauti yake, na kambi yoyote itakayokuwa Kinshasa itapata Bunge lenye maswali machache zaidi kuhusu vita vya mashariki.

Kuna jambo moja ambalo watu wa mbali hawalifahamu kuhusu foleni hizo. Kongo imekaa miaka mingi bila kitambulisho cha taifa kwa wote, na kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika badala yake. Ndiyo unayoonyesha kwenye kizuizi cha barabarani, benki, kwa wakala wa simu unaponunua laini. Kwa hiyo aliyekosa kuandikishwa amekosa vitu viwili kwa mpigo: haki ya kumchagua mbunge na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni Mkongo. Katika mkoa ambao swali la nani ni Mkongo limemwaga damu tangu kabla ya 1993, upungufu huo si mdogo.

Mtu aliyezaliwa 1952 atakuwa na miaka 76 uchaguzi ujao utakapofika. Amepewa kadi ya rangi mbili, ameombwa kupiga makofi, ameruhusiwa kuchagua kati ya ndugu wa chama kimoja, na tangu 2006 amepewa karatasi ndefu yenye picha nyingi ambayo sehemu ya majibu yake hupangwa mahali pengine. Bado kadi yake anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isiifikie. Bila kadi hiyo havuki kizuizi kwenda sokoni Goma.